Shuka la Jumamosi

Kwamndolwa,
Korogwe.
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Mwanaisha,

Shikamoo. Hali nitakuuliza baadaye, maana nikianza na salamu nitaogopa na barua itaishia hapo. Jambo hili sijamwambia mtu: sina mashetani. Nimemdanganya Bibi.

Haya, wazima huko Songea? Mgongo wako umepoa? Sisi hatujambo. Baba bado yuko Ngombezi kiwandani, hurudi Jumapili.

Unakumbuka nilivyolazwa mwezi wa tatu, nikachomwa sindano wiki mbili. Homa iliisha. Lakini tangu hapo nikitembea kila ninachokitazama kinarukaruka, na gizani nashika ukuta kama mtoto anayeanza kusimama. Shuleni Gerald wa darasani kwetu hunipokea getini: "Dada, leo umepiga chupa ngapi?" Wote hoi. Nami hucheka nao, Shangazi. Ndivyo nilivyo.

Madam Loyce, mwalimu wetu wa darasa, ndiye aliyenipeleka hospitali. Nyumbani sikusema. Daktari alinisimamisha nimefumba macho, nikamwangukia. Akasema ndani ya masikio kuna sehemu inayotuweka wima. Zangu zimeharibika zote mbili, huenda kwa zile sindano, na hakuna kidonge cha kuzirudisha. Dawa ni mazoezi, ubongo ujifunze kutegemea macho na miguu. Basi nimebandika herufi E kwenye kabati. Naikazia macho huku nageuza kichwa kulia, kushoto, haraka, dakika nzima, mara nne kwa siku. Kichefuchefu hunitoa machozi, lakini alisema nisiache. Na kweli, juzi nimetoka bombani na ndoo mkononi bila kumwaga.

Sasa Jumatatu Bibi alifunua pazia akanikuta. Macho nimeyakodoa, kichwa kinakwenda. Akapiga magoti palepale: "Ni wewe mjukuu wangu, au ni nyie wageni?" Neno moja tu lingetosha. Nikaona aibu, nikainama. Akachukua hilo kuwa jibu. Na nikuambie ukweli wote: nilipata nafuu. Mwenye mashetani watu humheshimu; anayeyumba ovyo huchekwa.

Ngoma ya kuyapunga ni keshokutwa. Mganga anatoka Handeni. Nitafunikwa shuka jeusi gubigubi nizunguke chetezo cha makaa. Shangazi, mimi nikizibwa macho sijui chini ni wapi! Nitaangukia moto, nao watasema mashetani wamepanda vizuri, ngoma izidi. Karatasi ya daktari ni ya Kiingereza, na humu ndani anayeisoma ni mimi tu. Nani ataniamini?

Nilitaka wewe ndiye umwambie Bibi. Kwa simu siwezi, ipo moja na huongea kwa spika, nyumba nzima inasikia. Barua hii atakuletea Mhina, jirani yetu, ila atafika huko Jumapili. Nilijua hivyo tangu mstari wa kwanza, na bado nimeandika. Nadhani nilikuwa najaribu tu kama maneno yatatoka.

Nasikia ndala za Bibi ukumbini. Mara mbili leo nimeificha karatasi hii chini ya godoro. Sasa naiacha mezani. Ataniuliza naandika nini, huuliza kila siku, maana yeye hajui kusoma. Nitamsomea, kuanzia juu.

Wasalimie Muhsin na mdogo wake. Mungu akulinde kila hatua, na mimi anishike katika hii moja.

Ameshika pazia.

Wako akupendaye hata anapotetemeka,
Mwaija