Lubisi Iliyogoma Kuchachuka

Koku mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti la bibi yako limepoa, anagombana na kuku kama zamani. Mimi bado naandika mwenyewe, simwombi mtu.

Unasema mvinyo wenu huko Dodoma umenyamaza kwenye pipa, na mumeo anataka mtie hamira. Sikiliza. Mtaa mzima huu wa Pasiansi hakuna aliyenishinda kukanyaga ndizi. Lakini siku walipokuja kumposa mama yako, mvua ilikuwa imeleta baridi na lubisi yangu, pombe yetu ya ndizi, ikagoma kuchachuka.

Soko huria lilikuwa limeanza, duka la jirani yetu Masanja limejaa vitu. Akaja na pakiti ya hamira. "Mzee, tia hii. Au wageni utawanywesha maji ya ziwa?"

"Nenda kakandie maandazi," nikamwambia.

Bibi yako hakubishana na mtu. Alivua kitenge chake mabegani, akaufunika ule mtumbwi wa mti ninaochachulia pombe, juu ya majani ya mgomba. "Haijafa," akasema. "Inasikia baridi tu."

Wageni wakafika, koo kavu. Nikawaambia wazi, pombe haijaiva, tusubiri. Mshenga akanuna, wajomba wakaanza kutazama njia. Nikajua posa inavunjika, na mama yako analia jikoni.

Mposaji mwenyewe akainuka, akapiga magoti, akatega sikio kwenye mtumbwi. "Baba," akaniambia huku anacheka, "inanong'ona. Mimi nitakaa."

Huyo ndiye baba yako. Binti nilimpa palepale, kabla hajaonja hata tone.

Babu yako, Pasiansi