Siku ya Nne ya Mzunguko Wako

Mwalimu Hoza,

Shikamoo. Mkono wangu umezoea kutanguliza neno hilo kila ninapokuandikia, hata kwenye vile vikaratasi vya kuomba chaki, na leo nimeshindwa kuanza kwa namna nyingine.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Ulianza kukohoa Jumamosi, Jumanne ukawa haupo, na hakuna aliyepata nafasi ya kukuuliza lolote. Wiki iliyofuata Ndugu Afisa wa elimu aliniita ofisini akasema kazi ya kuzungukia madarasa ya kisomo cha watu wazima sasa ni yangu. "Ndugu Raheli, wewe ulikuwa msaidizi wake. Njia unazijua." Nikasema ndiyo.

Sikuzijua, Mwalimu. Mimi nilikaa Lushoto kupanga madaftari ya mahudhurio na kukata picha za mabango. Wewe ndiye uliyeondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi na matope hadi magotini. Vituo saba, na hukuwahi kuandika popote unapita wapi. Nilipekua kabati lako nikakuta viraka vya mpira, gundi iliyokauka, na soksi moja.

Nakiri jambo la kwanza. Nilikaa na woga huo miezi mitatu. Baiskeli yako ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, nami mwanzoni kila asubuhi niliipita haraka kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Ndugu Afisa akiuliza, nilimjibu kwamba bado napanga njia. Ilikuwa kweli, ila nilikuwa napanga kwa sababu kupanga hakuangushi mtu.

Nilianza kujifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Fundi wa baiskeli wa pale sokoni alinishikia kiti. Aliniambia, "Dada, breki ya nyuma kwanza. Ukianza na ya mbele utaitangulia baiskeli." Niliitangulia mara mbili. Kovu la pili liko kwenye kiwiko na mama yangu hapendi kuliona. Wanawake waliokuwa wakienda mashambani walisimama kunitazama, mmoja akauliza kwa Kishambaa kama nyumbani kwetu hakuna kaka.

Siku za soko niliwafuata watu wanaotoka upande wa vituo vyako. Wale akina mama wa Kwai wanaoleta kabichi, wazee wanaoleta mbao, mchungaji mmoja aliyekuja kununua sukari. Nilitaka njia za ndani tu. Barabara kubwa siiwezi. Malori ya mboga yakishuka kwenye kona zile, najikuta mtaroni. Kumbe hata wewe hukuipenda. Wote, wakikupa heshima ya mzee, walisema, "Mgosi Hoza alikuwa anapita ndani," kwenye vijia vya kati ya mashamba, kando ya mifereji, chini ya miti ya miwati. Tangu watu wahamie vijijini karibu na barabara, vijia hivyo vimebaki kimya, na baadhi vimeota nyasi.

Shida ilikuwa umbali. Kila mtu alisema "hapo tu." Hapo tu kutoka Magamba, hapo tu baada ya kijito. Mwishowe nikajifunza kuuliza hivi: ukibandika viazi ukaondoka, utafika kabla havijaiva au baada? Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao, na mabishano yao ndiyo yaliyonisaidia. Nilichora kila kitu nyuma ya bango la zamani, lile la kuchemsha maji ya kunywa. Niliandika pa kuendesha, pa kusukuma, pa kubeba. Kwenye daraja la miti baada ya Kwai niliandika "shuka" nikapigia mstari mara tatu.

Nilipomaliza kuchora, hesabu ya siku haikukubali.

Nilihesabu na kurudia. Jumatatu Magamba na Kwai. Jumanne vitongoji vinne vya katikati. Jumatano asubuhi Mlalo, na watu wa Mlalo walisema saa nne ulikuwa umeshawaaga. Mtu anayeondoka Mlalo saa nne, hata akisukuma baiskeli kila mlima, jioni ile ile yuko nyumbani. Wewe ulikuwa unafika Alhamisi mchana.

Nililipeleka bango kwa mkeo, Mama Hoza, nikitumaini ana jibu. Aliweka kidole juu ya Mlalo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo hata wewe umeona."

Aliniambia kwamba kwa miaka minne alijiuliza Jumatano unalala wapi. Hakukuuliza. Alisema aliogopa ungemjibu. Kisha akanishika mkono akasema, "Raheli, ukipita huko, ukikuta nyumba, na mtoto ndani, usinifiche. Nitaumia, lakini usinifiche."

Nisamehe, Mwalimu. Nami niliwaza hivyo hivyo. Nililala siku nyingi nikiiona hiyo nyumba, na mwanamke mlangoni, na mtoto mwenye paji la uso kama lako. Niliomba Mungu njia iwe imefungwa na matope ili nisifike.

Ndugu Afisa ndiye aliyenisukuma bila kujua. Mtihani wa kisomo ulikuwa unakaribia, na alitaka njia mezani kwake, siku tatu. "Siku ya nne ya nini? Marehemu alikuwa mtu mzima, alichoka. Wewe ni kijana." Nikaondoka Jumatatu ile nikiwa nimefunga khanga mbili juu ya gauni, na pampu kwenye keria.

Sitakusimulia yote. Magamba baridi ilinikata vidole hadi sikusikia breki. Baada ya Kwai nilipata pancha, nikakaa chini ya mwati nikaziba kama fundi alivyonionyesha, na kiraka kikabanduka, nikaziba tena. Kila kituo walikuja na kila kituo walikulilia. Darasa la pili la Jumanne limebaki na watu watano. Walidhani serikali imewasahau. Miezi mitatu, Mwalimu.

Mlalo nilifundisha asubuhi ya Jumatano, nikaaga saa nne kama wewe. Mwanafunzi mmoja wa darasa lile, mama wa makamo, akanisindikiza akisukuma baiskeli upande mmoja. Tulipofika kwenye miwati akaonyesha kushoto. "Yeye alikuwa anaingia hapa." Nikamuuliza kuna nini huko. "Watu walishahama huko. Tulidhani anakwepa malori."

Nilibaki pale peke yangu. Kulia, njia pana ya kurudi nyumbani. Kushoto, kijia chembamba kinachozunguka mgongo wa kilima, kimeota nyasi katikati, lakini pembeni bado kulikuwa na alama ya mtu aliyezoea kupita. Nilitaka kwenda kulia. Ningemwambia Mama Hoza sikuona kitu, na isingekuwa uongo. Nikakumbuka jinsi alivyonishika mkono, nikaingia kushoto.

Nilisukuma zaidi kuliko kuendesha. Nyumba tupu, moja, mbili, mapaa yamebomoka. Halafu moja yenye moshi.

Mlangoni alikaa mwanamke mzee, miguu imenyooshwa mbele yake juu ya ngozi ya mbuzi, myembamba kama ya mtoto. Hakuinuka kwa sababu hawezi kuinuka. Aliitazama baiskeli kabla hajanitazama mimi. Niliona uso wake ukifunguka, halafu akaona aliyeisukuma, ukajifunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo baiskeli umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke wa kila namna, Mwalimu, lakini si Bibi Zaina. Nilikaa chini kwenye udongo nikamwambia umefariki. Nilimwambia lini, na ugonjwa gani, na umelala wapi. Hakulia. Aliuliza tena mwezi. Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema maneno ambayo tangu siku ile nayasikia nikiwa nafua, nikiwa napika, nikiwa kanisani:

"Mara ya mwisho alinipa ukurasa nikausoma vibaya. Akaondoka, hakurudi. Nilijua amechoka na ujinga wangu."

Miezi mitatu alikaa mlangoni akiamini hivyo, nami niko Lushoto nachora njia kwa penseli.

Aliniambia mengine polepole. Mwanawe yuko Korogwe kwenye mkonge na humwandikia. Barua zikifika mpwa wake alimbeba hadi dukani akasomewe, na mwenye kusoma alisoma kwa sauti hadi walio barabarani wakasikia kwamba mtoto amegombana na mkewe, kwamba anaumwa ugonjwa wa aibu. Kitongoji kizima kilicheka. Ndipo alipokuomba umfundishe nyumbani, na akakuapisha usimwambie mtu yeyote, maana akishindwa watacheka tena. Uliapa. Ulikuwa unamfundisha Jumatano hadi giza linapoingia, unalala kwenye ghala lake la mahindi, na asubuhi mnasoma tena kidogo kabla hujaondoka. Mpwa wake anayemtekea maji aliambiwa wewe ni bwana afya. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba kuna mtu huku wa kupelekewa habari.

Nilimwambia nitamfundisha mimi. Akanitazama. "Wewe nenda. Mimi nimeshamaliza kusoma." Niliomba, akageuza uso. Nikalala kwenye ghala lako kwa sababu jua lilikuwa limezama, na asubuhi hakunijibu nilipoaga, aliitikia shikamoo tu.

Alhamisi mchana nilifika kwa Mama Hoza kabla ya kwenda kwetu. Nilimwambia yote, ingawa uliapa. Naomba unielewe, kiapo kilikuwa chako, na mtu aliyekuwa anaumia nacho alikuwa mbele yangu. Alicheka kwanza. Alicheka akajifunika uso na upande wa khanga, na alipoifunua alikuwa analia. "Miguu haiwezi kabisa?" Nikasema kabisa. Baadaye, nikiwa mlangoni, akasema, "Lakini hata mimi? Hata mimi hakuweza kuniambia?" Nadhani hilo bado linamuuma. Amehamisha picha yako kutoka chumbani kwenda sebuleni. Sijui maana yake nini.

Kwa Ndugu Afisa nilipeleka njia ya siku nne. Sikumtaja Bibi Zaina kwa jina. Niliandika kwamba kuna mwanafunzi mlemavu asiyeweza kufika kituoni. Alisoma, akavua miwani, akasema hawezi kuwaeleza wakubwa wake siku nzima kwa mwanafunzi mmoja. Nikamwambia kwenye mabango yetu tumeandika kila mtu mzima asome, hatukuandika kila mtu mzima mwenye miguu. Sijui maneno yale yalitoka wapi, mimi ambaye hata kuomba ruhusa naomba kwa barua. Akaandika "hadi mtihani" pembeni ya karatasi na kuweka sahihi. Kwa hiyo tuna muda, na muda wenyewe si mrefu, na kila Jumatatu naamka nikidhani leo ataufuta.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika alikuwa mlangoni pale pale, na kando yake, juu ya ngozi, kulikuwa na bahasha ambayo haijafunguliwa. Mpwa wake alikuwa ameileta siku sita nyuma. Bibi hakutaka ipelekwe dukani.

Hakusema karibu wala hakunifukuza. Aliifungua kwa ukucha, akaishika karatasi mbali na macho, akaanza kwa sauti, herufi kwa herufi, kama ulivyomfundisha, akivuta mwisho wa kila neno kwa ile sauti yako ya puani. "Mama. Mpendwa. Natu. Natumaini." Alipokwama alinigeuzia karatasi akiziba mistari ya chini kwa kiganja, nikamtajia neno moja, akaichukua. Alisoma mistari minne hivyo.

Kisha akanyamaza. Nikadhani amekwama tena, nikasogea. Akanizuia kwa mkono. Midomo yake ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Alikuwa anasoma peke yake, ndani kwa ndani, na niliinuka nikaenda kukaza mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umelegea. Alisoma hadi chini, akairudia, akaikunja mara nne na kuiingiza kifuani. Sijui mwanawe aliandika nini, na sitauliza.

Basi, Mwalimu, njia yako yote nimeiandika sasa, nakala mbili, moja iko ofisini na nyingine kwa Mama Hoza, pamoja na kile kijia cha kushoto. Nikianguka kesho, atakayekuja baada yangu hatapoteza miezi mitatu. Bado naogopa kona, naogopa daraja, naogopa mtihani na kalamu ya Ndugu Afisa. Nakuahidi kwamba nitaogopa nikiwa njiani, siyo nikiwa nimekaa.

Pumzika kwa amani. Kwaheri, Mwalimu wangu.

Ni mimi msaidizi wako,
Raheli