Kiti Kilichokwama Forodhani

Nyumbani, mlango wa bluu
Jumatatu, tarehe 14

Mpendwa binti yangu,

Salamu nyingi, na kabla ya yote niambie, kifua kimepoa? Usinidanganye, ulipopiga simu nilikusikia ukikohoa huku umeziba mdomo. Sisi wazima. Mwanao anakula, anacheka, anabishana na redio. Ila miguu imerefuka. Sasa inaburuzika chini ya kile kiti chake cha magurudumu, na kidole gumba cha kulia kimechubuka.

Ndiyo maana naandika. Vile viti vya msaada vya kikundi chetu cha akina mama vimefika, ila vimekwama forodhani, huu mwezi wa pili. Zamani vilipita bure. Bajeti ya mwaka huu imefuta msamaha wa kodi kwa vikundi vidogo, basi kiti cha mtoto asiyetembea kinatozwa ushuru kama sofa ya dukani. Mashirika makubwa yenye mawakili yameachiwa msamaha wao. Mimi sikusoma sana, lakini hapo nanusa kitu.

Katibu wetu, yule fundi cherehani mpole kupita kiasi, akaja na dawa. Eti sheria bado inasamehe kiti kikitolewa kwa jina la mtoto mwenyewe, mzazi akatia sahihi, na waliotupatia msaada wamekubali. Akataka kadi ya kliniki ya mwanao. Nikajiuliza, majina ya watoto wetu ni ya nini? Akivitoa kwa majina yao halafu akaviuza, atakayeitwa mwizi ni nani? Kadi nikaificha kwenye kopo la unga. Wiki tatu nikimwona nakata kona.

Wenzangu wakatia sahihi. Ijumaa viti vyao vinne vikatoka. Nilivikagua gurudumu kwa gurudumu nikitafuta kasoro, sikuiona. Nikazidi kushuku.

Kisha akaja Mama Mkaa, mwenzetu wa kikundi. Unajua desturi yetu: kiti kikimbana mtoto, kinamshukia mdogo anayefuata, na mama anayekiachia anashona mto mpya wa kukalia. Cha mwanao kinasubiriwa na binti wa Mama Mkaa, ana miaka sita na bado anabebwa mgongoni. Hakunilaumu. Alikitazama tu, akasema, "Dada, wewe unaogopa mwizi. Mimi naogopa mgongo wangu."

Nikaliendea kopo la unga.

Kadi nimeitoa, imejaa unga. Lakini sahihi ya bibi haikubaliki, lazima mzazi. Karatasi ya kutia sahihi imo humu ndani ya bahasha. Isome mara mbili, na yale maandishi madogo ya chini pia. Ukiona ujanja, ichane, Katibu niachie mimi. Usipouona, tia sahihi siku hiyohiyo uirudishe, maana mwisho wa mwezi kiti kinapigwa mnada.

Shangazi yako Kicheko anasema umemtupa. Msalimie mumeo, mwambie akufunge kitambaa shingoni vizuri. Mungu akufunike huko uliko.

Mito nimeshona miwili. Mmoja wa binti wa Mama Mkaa. Mwingine ni wa kiti kipya, nimeudarizi jina la mwanao kwa uzi mwekundu, mishono ya kubana. Anayetaka kukiuza aanze kufumua.

Ni mimi nikuwazaye kila siku,
Mama yako