Milimita 480 juu ya Dungu

Ijumaa, 2 Mei 1958. Mbeya

Kitabu cha Bwana wa ndege kimefika kwa posta. Miaka sita nilimbebea Mzungu huyo kamera, akipiga picha za ndege wa porini. Picha 41. Kumi na saba nilibonyeza mimi, yeye yuko kitandani na malaria. Jina langu nimelitafuta mpaka jalada la nyuma. Hakuna! Nilidhani nitakasirika. Nikala ugali, nikalala.

Jumatatu, 5 Mei

Didas, karani wa ofisi ya kilimo, kapita studio yangu. Wanataka picha ya kwelea wanaomaliza mpunga kule Ubaruku. Si kundi – ndege mmoja, punje mdomoni, ionekane. Atakayeileta kabla ya mwezi kwisha ataajiriwa mpiga picha wa idara. Mshahara kila mwezi! Wakikosa, wanaita mtu wa Nairobi. Ana lensi ndefu kama mkono, anasema Didas.

Mimi nina lensi ya milimita 50. Kwa 50, kwelea ni doa.

Jumatano, 7 Mei

Lensi mpya ya 400, tundu la mwanga 5.6: shilingi 640. Ninazo 300.

Marcelino wa Iringa anauza 240 kuukuu, tundu 4.5, aliyoachiwa na Mgiriki wa tumbaku: 210. Na kioo cha kuzidisha – kinafungwa kati ya kamera na lensi, 240 inakuwa 480. Shilingi 45 tu. Jumla 255, na nauli inatosha.

480 inaishinda 400. Ila kioo kinakula mwanga, unapita robo yake tu. Tundu 4.5 linakuwa 9 – namba ikikua, tundu linabana. Basi dirisha la kamera litakaa wazi muda mrefu zaidi. Kusubiri silipii.

Jumapili, 11 Mei. Iringa

Nimemkuta Marcelino nyumbani, katoka misa. “Fundi, unakwenda kuwinda?” Tumemlenga kunguru juu ya paa la jirani, jua la saa sita. Nimehesabu manyoya! Akanionya: ukipiga chafya tu, picha imekwenda.

Nimelipa. Furaha sikuiona. Mzigo kilo mbili na nusu.

Jumatano, 21 Mei. Ubaruku

Kwa dada Tusajigwe. Aliolewa huku, sasa mjane mwenye binti, Severina, na ekari mbili za mpunga. Anaamia ndege tangu alfajiri, juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwafukuza kwa kombeo. Chini masuke yananiziba, kwa hiyo stendi ya kamera nimeiweka juu pamoja naye.

Picha 36. Nimezisafisha chumbani kwake, blanketi dirishani. Zote zimetikisika, ukungu mtupu.

Sababu ninaijua. Kwelea wanakula jua likichomoza tu, baadaye wanahamia miti ya mtoni. Saa hiyo, kwa tundu 9, nahitaji sehemu ya kumi ya sekunde. Dada akirusha bonge la udongo, dungu zima linayumba. Kwa ile ya 640 ningepata sehemu ya 25. Nikitoa kioo, mwanga unarudi – punje haionekani.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemwomba dada asirushe. Wala asipige kelele.

“Ninyamaze? Mdogo wangu, umetumwa na ndege?”

Nikamweleza habari ya kazi. Akaosha sufuria ileile mara mbili. “Mwaka jana gunia kumi na nne. Ndiyo chakula, ndiyo ada ya Severina. Wakishamaliza, tutakula picha?”

Nikasema robo saa tu.

Baada ya kula: “Haya. Robo saa, asubuhi moja. Ukizidisha nakusukuma chini na bomba lako.”

Jumatatu, 26 Mei

Mawingu. Imebaki filamu moja.

Alhamisi, 29 Mei. Juu ya dungu

Basi la saa nne leo ndilo la mwisho la kunifikisha Mbeya kabla ya mwezi kwisha. Naandika kwa penseli, daftari gotini, nisiguse stendi.

12:40 asubuhi. Wametua. Dada kaketi nyuma yangu, mabonge mapajani, kajifunga kanga mdomoni. Ili asitamke kitu, alisema.

12:46. Ukungu umepanda kutoka mtoni. Kipima mwanga: sehemu ya tano. Haitoshi, nangoja ya kumi.

12:51. Masuke yanainama kwa uzito wao. Mmoja yuko hatua nane, punje mdomoni kabisa! Sehemu ya sita. Sijabonyeza.

12:55. Robo saa imekwisha.

Nimetazama nyuma. Machozi yanamtoka, hajifuti, asitikise dungu. Hana saa. Saa ninayo mimi.

1:01. Sehemu ya nane.

1:04. Kanong'ona ndani ya kanga: “Bado?”

Nimemwambia bado.