Karatasi Yako Niliichukua Mimi, Papa Mwansa

Papa Mwansa,

Kabla ya salamu, pokea kwanza hili. Ile karatasi iliyopotea kwenye kisanduku chako cha vifaa, niliichukua mimi. Hakuichukua yule shofere wa Likasi uliyemdhania siku mbili kisha ukamwacha. Ni mimi, Ngalula, uliyenifundisha kazi miaka minne.

Mwezi wa pili unaisha tangu tukuzike. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nilipoandika "uliyekuwa mwema" mkono ulisita. Nilikuwa najiuliza kama kweli nilikuwa nakujua.

Sikuwa peke yangu. Hata kwenye kilio chako watu walikaa wakitazamana. Kaka yako, Yaya Chanda, alisimama katikati ya viti akasema, "Ndugu yangu hakufe bule. Kuko bantu benye balimuuzisha, ao yeye mwenyewe njo alijiuzisha." Hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nilikuwa nagawa maji, na moyoni nilisema: huenda ni kweli, aliuzwa kwa uchawi, au alijiuza mwenyewe.

Ulikuwa fundi wa freni, na mtaa wote wa Makomeno ulijua. Kamio, yale malori makubwa, ikipita mikononi mwako, shofere alikwenda zake mpakani Kasumbalesa akiimba. Na mimi, walikuambia usinichukue. Walisema mwanamke hawezi garaji, tena huyu ni mtoto wa watu wa Kasai, atajifunza kisha atakugeuka. Uliwajibu, "Mukono yake inasikia chuma. Miye nafundisha mukono." Nikaingia garajini kwako kwa neno hilo.

Kisha ukaenda Kinsevere, kwenye karakana ya mashine za mgodi, ukakaa miaka miwili, ukaniachia funguo. Uliporudi uso ulikuwa uleule, sauti ileile, lakini mtu alikuwa mwingine.

Kwanza lutuku, ile pombe kali. Wewe uliyekuwa ukisema hata injini inahitaji moto tumboni, ulisukuma glasi pembeni ukaomba chai. Watu walicheka siku ya kwanza. Siku ya kumi hawakucheka tena.

Kisha yule panya aliyenasa kwenye shimo tunamosimama chini ya magari. Nilishika chuma nimmalize, ukanishika mkono. "Leka, Ngalula. Naye anatafuta maisha." Ukamtia ndani ya bidoni tupu la mafuta, ukavuka naye barabara, ukamwachilia majanini. Nilisimama mlangoni nikikutazama, nikawaza: huyu panya anampelekea nani?

Kisha yule mteja wa plaketi za freni. Umekwisha kumfungia, gari limelala vizuri, yeye ameridhika. Ukamwambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Hizi haziko mupya. Ni okazio. Kufika Kasumbalesa zitafika, kurudia sijue." Mtu yule alikukodolea macho kama uliyemtishia. Akazitoa, akaenda garaji nyingine, wakamwambia zao ni mpya, akafurahi. Nilikasirika, lakini zaidi ya hasira niliogopa. Nani anaharibu kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe, kama hana mahali pengine anapokula?

Na maneno ya asubuhi. Kabla ya kugusa kle, spana yako, ulikuwa unasimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, viganja pamoja, unanong'ona. Nilisogea nikajifanya natafuta kitambaa. Nilisikia "panatipata", nikasikia mengine marefu yanayoishia vilevile. Nilidhani ni jina. Nilidhani unamwita mtu, na kwamba siku moja ataitika.

Mama Adela, mke wako, naye alikuwa na yake. Alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Ngalula, unifuatilie ule muzee. Tangu atoke Kinsevere hanigombeze tena, hata nikimutukana. Muntu hawezi kubadirika bule." Mke analalamika kwamba mumewe hamgombezi! Leo naona ajabu yake. Siku ile niliona ana haki.

Basi nilikufuatilia. Nilikuwa nimegundua kwamba mara moja kwa mwezi, siku ya mwezi mpevu, unafunga garaji mapema na huli tena baada ya saa sita mchana. Jumamosi moja nilikuja nyuma yako jua likiwa utosini, nikapita barabara tatu hadi kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Humo alikuwa anakaa Nimal, yule fundi wa mashine kutoka Sri Lanka uliyefanya naye kazi mgodini. Mtaani waliishia kumwita Muhindi.

Ukuta ulikuwa na tofali lililotoka. Niliweka jicho pale. Niliona viatu vyenu nje ya mlango, mkeka, sanamu ndogo ya mtu aliyekaa, maua, glasi ya maji. Ninyi wawili mmekaa, macho mmefumba. Nilingoja damu. Nilingoja kuku, nilingoja kitambaa chekundu, nilingoja jina la mtoto wa mtu litajwe. Mguu wangu ulikufa ganzi. Baadaye sana Nimal akaleta chai isiyo na maziwa, akasema kitu, ukacheka mpaka ukafuta machozi.

Ni hayo tu niliyoyaona. Unadhani niliamini? Nilirudi nikamwambia Mama Adela, "Waliniona, njo maana hawakufanya kitu."

Jumatatu yake nilifungua kisanduku chako ulipokwenda kununua mafuta ya freni. Chini ya kle kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, imelainika kwa kushikwa sana. Mistari mitano ya lugha nisiyoijua, kwa mwandiko wako, kila mmoja na namba yake. Hukuwa umeandika maana yake, kwa hiyo maana niliitia mwenyewe. Niliichukua nikampelekea mchungaji wetu.

Jumapili aliiinua juu mbele ya watu wote. Alisema haya ni maagano matano, na kila agano lina bei, na bei yake ni roho ya mtu wa nyumbani. Hakutaja jina. Alisema tu "fundi mmoja wa Makomeno", na vichwa vyote vikamgeukia Mama Adela. Jioni hiyo hakupika. Kesho yake alikwenda kwa dada yake mtaa wa Katuba, akakaa huko miezi saba. Mashofere wakaanza kupita mbele ya garaji bila kupiga honi.

Wewe uliniuliza mara moja tu. Tulikuwa chini ya kamio, mimi nimelala huku, wewe kule. "Ngalula, kulikuwa karatasi yangu mu kisanduku. Uliiona?"

Nikasema, "Hapana, Papa."

Uligeuza kle mkononi. Kisha ukasema, "Muzuri." Na mchana uleule ukanifundisha kutoa hewa kwenye freni za kamio kubwa, kazi uliyokuwa ukinikatalia. Kanyaga. Shikilia. Leka. Sauti yako haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikaanza kuchungulia chakula changu. Nikaacha kunywa maji ya garajini. Niliona kwamba mtu asiyelipiza mbele yako lazima analipiza mahali pengine.

Ulipougua moyo, Mama Adela alirudi akakuuguza, lakini alikuwa anaweka Biblia chini ya mto wake, si wako. Ulikufa hospitalini Jumatano asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda kukutafutia dawa. Nililia, Papa. Na nikilia nilijiuliza: sasa deni la yale maagano linahamia kwa nani?

Siku ya kilio Nimal alikuja amevaa nguo nyeupe tupu, shati na suruali. Watu walinyanyuka. Yaya Chanda akapiga kelele, "Huyu njo alimukula ndugu yangu!" Nilimshika yule mtu mkono nikamtoa nje ya ua wa lupango lenu kabla hawajamrarua. Lakini usidhani nilimwokoa. Nilitaka nimuulize mimi kwanza.

Nikamwambia, "Sema kweli. Ile mistari tano ni nini? Mulimuahidi nani?"

Alinitazama kama hakuelewa kwamba sikujua. Akahesabu vidole kwa Kiswahili chake cha mgodini. "Panatipata: minajaribu, sitaua. Minajaribu, sitakamata kitu hawanipe. Sitacheza na bibi ya muntu. Sitasema bongo, sitadanganya. Sitakunywa pombe. Kila asubui unasema. Kila siku unaanguka, kesho unasema tena."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu. Iko nguvu sana."

Nilimwambia haiwezekani, lazima kuna mstari wa sita. Akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo linaniamsha usingizini. Alisema ulikuwa na shida na mstari wa nne. Ulimwendea siku moja, umekaa kwenye mkeka wake kichwa chini, ukamwambia: mwanafunzi wangu alinidanganya juu ya karatasi, na mimi nikamjibu "Muzuri", na haikuwa vizuri. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumpiga na kle. Mimi pia nilisema uongo.

Papa Mwansa. Ulijua. Na katika mambo yote hayo, kosa ulilokwenda kuliungama lilikuwa lako.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na sufuria ya maji niliyokuwa nagawa bado mkononi. Sitakuficha, hata pale sikumwamini moja kwa moja. Niliwaza, labda amefundishwa kusema hivi. Lakini neno "Muzuri" lilitamkwa chini ya kamio, na tulikuwa wawili tu. Nani angemwambia, kama si wewe?

Alhamisi iliyofuata nilimwambia Mama Adela yote. Tulikuwa tunakunja turubai za kilio. Aliacha ncha yake ikaanguka. "Miezi saba," alisema, "nililala kwa dada yangu, juu ya nini? Juu bwana yangu aliahidi hatanidanganya na hatafuata bibi ya wengine?" Hakupiga kelele. Kisha akasema, "Toka mu lupango yangu."

Nilitoka. Garaji ilifungwa. Nilikwenda kwa mchungaji kuomba ile karatasi, akasema aliichoma. Simwamini, macho yake yalikwenda kwenye droo. Yaya Chanda nilimweleza pia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza Muhindi amenipa nini. Nilitambua swali hilo. Ndilo ambalo ningeuliza mimi.

Siku ya nne Mama Adela alifika kwangu, hakutaka kukaa. "Sijakusamehe," alisema. "Lakini iko shofere anangojea, na haiko muntu mwingine anajua ile freni. Kuya garajini." Sasa tunafanya kazi pamoja, yeye anapokea wateja, mimi niko chini ya magari. Hatuzungumzi sana. Wiki iliyopita aliniletea chai, akaiweka chini mbali kidogo, nikainuka kuifuata.

Mashaka yangu hayajafa, Papa, nisikudanganye. Nikimwona mtu mwema bado natafuta ni wapi anaficha. Mimi ni Mkristo na nitabaki Mkristo. Sisemi yale maneno ya asubuhi, ningeyasema ningekuwa naigiza. Mistari mingine minne kila mtu apigane nayo awezavyo. Lakini nakuahidi ule wa nne, wa kutosema uongo, kwa upande unaokuhusu wewe. Yeyote atakayeniuliza ulikuwa nani, nitamweleza nilichokiona kwenye tundu la tofali, pamoja na kile kicheko. Na akiuliza nani aliyekuharibia jina, nitasema Ngalula, kwa sauti ya kusikika, hata kama ni mteja na gari lake bado liko nje.

Nimal anasema safari yako haijaisha. Mchungaji anasema iliishia pabaya. Mimi sijui ulipo, na sitajifanya najua. Popote ulipo, endaka na salama, Papa, na hasira uliyokuwa nayo chini ya ile kamio, ilikuwa haki yako.

Ngalula