Wageni Wasiopewa Chai

Jumatatu, 11 Oktoba 1999

Thelathini na wanne! Ni wageni wa ukurasa wetu wa intaneti, wote kutoka China. Nimehesabu mara mbili kwenye kompyuta ya Magan, mwenye duka la intaneti, mpaka akaniuliza kama natafuta namba za bahati nasibu.

Sijui kwa nini naandika. Mikono haitulii. Miaka kumi na saba nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha mablanketi, Industrial Area – kilichoingia, kilichotoka, sahihi. Tangu tuachishwe kazi mwezi wa tatu sina cha kuandika. Basi naandika hiki.

Nijieleze mwenyewe, maana nikimweleza mke wangu Nafula anasema hata mimi sielewi. Kuna kampuni ya Singapore inajaribu kitu kipya: anwani za intaneti kwa herufi za Kichina. Habari aliileta Sylvance. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo pale pale kiwandani, na zamani alisomeshwa China miaka mitano. Tukashika majina matatu kabla wenyewe hawajaamka. Mawili yamekufa, hakuna anayeyauliza. La tatu Sylvance alilinakili kwenye kitako cha chupa ya chai ya Nafula. Ni jina la kiwanda kinachotengeneza hizo chupa. Anakijua, aliwahi kufanya mafunzo huko.

Sasa Mchina akiandika jina hilo, anaangukia ukurasa wetu. Hauna kitu – matangazo sita tu. Akibonyeza moja, kampuni ya Amerika inatuandikia senti. Zikifika dola mia, wanatuma cheki. Sharti lao ni moja: tusiongeze neno letu hata moja. Tukiongeza, kwaheri.

Kazi ya kukaa tu! Na mimi ndiye mtu asiyeweza kukaa.

Jumatano, 13 Oktoba 1999

Hamsini na mmoja. Nimeenda kwa Magan asubuhi, nikarudi nyumbani, nikaenda tena kabla ya saa sita. Magan anasema kutoka kwetu, mtaa wa Tena, mpaka dukani kwake nimechimba njia.

Nafula amepata chumba cha kodi ndogo, mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Chumba kimoja, sisi wanne na mashine yake ya kufumia sweta. Anataka tuhame mwisho wa mwezi ujao. Nimemwomba angoje cheki. Ikifika kabla ya tarehe thelathini, tunabaki Tena. Amekubali kwa mdomo. Macho yalikuwa yanapima kabati kama litapita mlangoni.

Halafu akaniuliza: hao wageni wako, wakifika mnawapa nini?

Nikasema hatuwapi kitu. Wanaangalia, wanaenda.

Akasimamisha mashine. "Hata chai, Baba Nasambu?"

Kwao Kimilili mgeni hatoki bila kuonja kitu, hata kama ni ndizi moja iliyoombwa kwa jirani. Mama yake aliwahi kumkimbiza mtu wa sensa mpaka barabarani na kikombe cha uji. Nikamwambia, mgeni njoo mwenyeji apone! Akasema sawa, mwenyeji amepona, mgeni je?

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 18 Oktoba 1999

Barua! Saba kwenye email yetu. Lakini zote zimejaa alama za kuuliza tupu, mistari na mistari. Kompyuta ya Magan haijui herufi za Kichina bila ile disketi ya Sylvance, na Sylvance yuko Ugenya kumzika shangazi yake. Disketi iko mfukoni mwa koti lake la matanga.

Nimefikiri njia nzima. Nani atakitafuta kiwanda cha chupa za chai? Mtu anayetaka chupa za chai! Hizi ni oda. Lazima ni oda!

Nilitoka hapo mbio mpaka soko la Gikomba kuuliza bei ya chupa kwa jumla. Mwenye duka akaniuliza nina shida gani, mbona natweta.

Jumanne, 19 Oktoba 1999

Barua kumi na tisa. Siwezi kuziacha zikae hivyo. Stoo hatukuwahi kupokea karatasi bila kumwandikia mtu kwamba imepokelewa – mzigo uwepo au usiwepo, kwanza unamwandikia. Ndiyo adabu ya kazi.

Nimewajibu wote, mmoja mmoja, kwa Kiingereza changu cha ofisi: ombi lako limepokelewa, linashughulikiwa, tafadhali subiri. Nikaweka jina la kiwanda chini, nimelinakili lilivyo kutoka kwenye anwani, japo kwangu ni alama za kuuliza.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Jumamosi, 23 Oktoba 1999

Mia mbili na kumi na wawili!!

Jumatatu, 25 Oktoba 1999

Mia tatu na tisini. Halafu stima ikapotea mtaa mzima. Nimezunguka ukuta wa mtaa wa Umoja, aliko Magan, kama mbwa aliyefungiwa nje. Stima iliporudi – mia nne na sita. Na wanabonyeza matangazo, yote sita, moja baada ya jingine! Magan anasema hajaona watu wanaopenda matangazo namna hii. Dola hamsini na nane zimeshaandikwa.

Nafula anasema usiku nasukuma miguu kitandani kama mtu anayeendesha baiskeli.

Jumatano, 3 Novemba 1999

Sylvance amerudi. Niandike polepole, kama ilivyokuwa.

Nilimkuta kwa Magan, disketi ameshaiweka. Alama za kuuliza zikageuka herufi. Nikavuta kiti, nikafungua daftari, kalamu tayari. Nikamwambia asome oda ya kwanza: jina, idadi.

Akasoma kimya. Akafungua ya pili. Ya tatu. Akavua miwani.

"Omera, ndugu yangu, hakuna oda hapa."

Kiwanda kile kilifungwa. Mwaka jana, watu elfu mbili na zaidi wakaambiwa warudi nyumbani. Waliahidiwa orodha – nani atalipwa kiinua mgongo, lini, wapi. Orodha haijatoka. Mtu akawaambia huenda itatoka kwenye intaneti. Kwa hiyo wanaandika jina la kiwanda chao, kila siku, na wanatukuta sisi.

Alinisomea kadhaa. Mwanamume wa idara ya kupuliza vioo, miaka ishirini na miwili, anatoa namba yake ya kazi mara tatu ili isipotee. Mwingine anauliza kama mke wa marehemu naye yumo. Na barua za wiki hii ni za shukrani! Wanashukuru kwa kujibiwa. Mmoja amesema Kiingereza kile kilitafsiriwa na mwalimu wa shule, na wamekibandika kwenye ukuta wa nyumba zao: limepokelewa, linashughulikiwa, subiri.

Sylvance akaniuliza, "Nani aliandika hii?"

Nikasema ni mimi.

Magan alikuwa anachambua risiti zake. Akaziweka chini.

Alhamisi, 4 Novemba 1999

Naona aibu. Sina neno jingine.

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Nimeenda langoni. Kila Jumatatu bado huwa tunaenda langoni kwa kiwanda chetu, wale tulioachishwa, kuona kama majina ya watakaolipwa yamebandikwa. Nilikuwa nimeacha kwa sababu ya mambo ya Wachina. Leo tulikuwa kama thelathini. Mativo, yule askari wa siku zote, ametoa benchi nje ili wazee wakae. Ana birika lake la chai ya rangi pale kwenye kibanda, anamimina nusu kikombe, mnapokezana.

Nikamuuliza, Mativo, kuna habari?

Akasema, "Hakuna, kaka. Ningekuwa nayo ningewaambia. Nendeni nyumbani, msipoteze siku."

Hayo tu. Lakini ni ukweli, na ulikuwa na chai. Watu waliinuka, wakajipangusa vumbi, wakaondoka. Mimi nilibaki nimekaa mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 9 Novemba 1999

Tumegombana na Sylvance. Nataka tuweke mstari mmoja kwenye ukurasa: hapa si kiwandani, hatujui lolote. Yeye anasema tuwajibu kwa barua waliotuandikia, ukurasa tuuache mpaka cheki itoke. Ana haki. Watoto wake wako mtaa wa Lucky Summer wanakula mboga bila mafuta. "Sisi hatukufunga kiwanda chao, Javan. Sisi tumeshika jina tu."

Kwa hiyo amewajibu, barua sitini na moja, kwa Kichina. Nusu zimerudi. Wengi wanatumia anwani za watu – mtoto wa jirani, duka la kona – na masanduku yamejaa. Na mamia hawajaandika kabisa, wanaangalia tu.

Nyumbani nikamweleza Nafula yote. Nilidhani yeye ndiye atakayeniambia niweke huo mstari. Si ndiye binti wa yule mama wa uji barabarani?  Akasema alienda jana kukiona tena kile chumba cha kwa Njenga. Paa linavuja upande wa kitanda. Akasema ngoja cheki, Baba Nasambu. Mara hii moja tu, ngoja.

Alisema kwa sauti ndogo. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Ijumaa, 12 Novemba 1999

Barua mbili leo.

Ya kwanza ni ya Waamerika. Tumefika dola mia moja na nne! Cheki itaandikwa Jumatatu, ukurasa ukiwa umekaguliwa na uko sawa. Siku tatu. Siku tatu tu!

Ya pili ni ya mama mmoja, idara ya kufunga maboksi. Sylvance alinisomea mara mbili maana mara ya kwanza sikutaka kusikia. Anasema yeye huja kwenye ukurasa kila siku baada ya soko. Hubonyeza yale maboksi sita ya matangazo, moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kwa sababu anaamini orodha iko nyuma ya moja wapo na yeye hajui kutumia mashine vizuri. Amewafundisha na wengine kufanya hivyo. Anaomba radhi kama wanatusumbua.

Kumbe! Hao ndio wanaopenda matangazo. Hizo ndizo dola mia na nne.

Halafu anasema: kwa kuwa kiwanda kimejibu kwamba mambo yanashughulikiwa, wamechanga nauli. Wanamtuma mzee mmoja, mpuliza vioo, Jumatatu alfajiri, safari ya treni ya siku mbili, akasimame langoni kwa makao makuu ya kampuni kwa niaba yao. Jumapili mama ataangalia ukurasa mara ya mwisho kabla mzee hajapanda.

Sylvance alimjibu hapo hapo. Ikarudi. Sanduku limejaa.

Tulitoka nje tukasimama kwenye jua. Sylvance akasema labda mzee hatapanda. Nikasema nimekuwa stoo miaka kumi na saba, karatasi yenye sahihi yangu naijua: mtu akiipata, anaiamini. Atapanda.

Sylvance alipiga jiwe kwa kiatu mpaka kona ya barabara.

Jumamosi, 13 Novemba 1999

Naandika nikiwa kwa Magan, daftari liko magotini.

Asubuhi nimemwambia Nafula. Sikutafuta maneno. Nilisema mzee anapanda treni kwa sababu ya barua yangu. Alikuwa anakunja sweta. Alizikunja zote, akazifunga kwa kamba, kisha akachukua utepe wake wa kupimia, akasema anaenda kwa Njenga kupima dirisha. Mlangoni aligeuka akaniuliza huyo mzee ana miaka mingapi. Nikasema sijui. Akasema wamfungie chakula. Akaenda.

Sijui alimaanisha nini. Nimelifikiria neno hilo njia nzima.

Sylvance alikuwa amefika kabla yangu. Koti amevaa, disketi mkononi. Hakusema lolote kuhusu watoto. Aliuliza tu, "Unataka iseme nini?" Nikamwambia. Akachapa. Ukurasa sasa una maneno juu ya maboksi sita:

Hapa si kiwandani. Sisi tuko Nairobi. Hatuna orodha. Barua ya kusubiri tuliandika sisi kwa kosa, tunaomba msamaha. Mzee asipande treni.

Saa nne na nusu maneno yalikuwa yameingia kwenye ukurasa. Saa tano kasorobo Waamerika wakatuandikia, mashine tu, haikuandikwa na mtu: account imefungwa. Haraka hivyo! Kumbe wanaweza kufanya haraka. Sylvance alicheka kicheko kibaya. Magan akasema poleni, na kwa dakika za leo hataki malipo. Magan! Anayehesabu dakika kama Ramadhani imebaki siku moja.

Tukabaki tunaangalia namba. Wawili. Watano. Kumi na mmoja. Hakuna anayebonyeza. Wanasoma.

Saa sita barua imeingia. Ni yule mama wa maboksi. Sylvance ameisoma kwa kidole, polepole. Anasema amefika mbio kumwambia mzee, na mzee amekaa chini. Hakuna tusi, nililingoja. Mwisho ameuliza swali moja: kama nyinyi si kiwanda, nyinyi ni nani? Mlikuwa idara gani?

Sylvance amenitazama. "Anadhani tulikuwa nao huko."

Kwa barua jibu halitamfikia, sanduku limejaa. Kwenye ukurasa litamfikia. Ukurasa umeshaharibika, hakuna cha kulinda tena.

"Niandike nini, Javan?"

Nimemwambia aandike stoo. Aandike miaka kumi na saba. Yeye aandike mitambo. Aseme chetu kilifungwa mwezi wa tatu, na sisi pia orodha hatujaiona.

Ameanza kuchapa. Namba imefika arobaini na saba. Modem imelia, laini imekatika, Magan anapiga simu tena, na Sylvance bado anachapa.