Gobole la Onésime limeingia nyumbani

Akalla, Stockholm
14 Aprili 2009

Mpendwa shemeji yangu Deusdedit,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu wako unaendeleaje? Unakula, au bado unakunywa chai tu na kusema umeshiba? Hapo Uvira wote wazima? Sisi tunapumua. Magoti yananisumbua kwa baridi hii, lakini kufa sijafa. Anayeandika ni binti yangu Laurentine, mimi nasema. Amejaribu kulainisha maneno, nikamkataza.

Asante kwa kulia nasi kwenye simu tulipomzika kaka yako. Kuna jambo sikukueleza siku ile, na linanichoma.

Unajua kaka yako Onésime alikuwa na mikono isiyotulia. Alipostaafu alijuana na mzee Tore wa Hässelby, Mswidi mjane ambaye raha yake ni kutengeneza bunduki za kale mpaka zipendeze tena. Kaka yako akanunua gobole bovu kwenye soko la mitumba, kutu tupu, kitako kimeliwa na wadudu. Akaniambia ni sawasawa na lile la baba yenu la kuwindia.

Nikamwambia kitu hicho hakivuki mlango wangu. Bunduki ilimuua mtoto wetu Heshima, nikaikimbia mpaka huku kwenye barafu, halafu aniletee nyingine sebuleni? Akacheka: "Mama Heshima, mdomo wako una baruti kuliko hili." Mimi sikucheka. Miaka sita, kila Jumamosi, alipanda treni mbili kwenda kulishughulikia kwa Tore. Akirudi ananuka mafuta, namgeuzia mgongo. Chakula sikumnyima. Ila sikumwuliza hata mara moja limefikia wapi.

Siku ya mazishi Tore alisimama mlangoni pa kanisa, gobole limeviringishwa kwenye blanketi. Alitaka liwe karibu na jeneza wakati wa kuaga. Nilimfukuza, shemeji, mbele ya watu wote. Akaniambia "pole", neno pekee la kwetu alilofundishwa na kaka yako, akarudi kwenye theluji.

Wiki iliyopita tulianza kukusanya vitu vya marehemu, ili kila ndugu apate chake siku ya kuondoa matanga. Hata vilivyo kwa Tore ni vyake, kwa hiyo nilimchukua Laurentine tukaenda. Mzee hakuninunia. Akalilaza gobole mezani.

Lilikuwa zuri, shemeji. Mtutu mweusi kama sufuria ya mama yako, kitako kipya cha mti wa huku, huoni kilipoungwa. Kisha Tore akanionyesha ubavuni, pale penye kitundu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti. Kimezibwa kwa shaba, kikasuguliwa mpaka kidole hakikihisi. Aliniambia waligombana vibaya juu ya hilo, kwa maana kwa watu wa kazi hiyo kuziba kitundu ni kuiharibu bunduki. Onésime akamjibu: "Likiwa haliwezi kuua, mke wangu atalifungulia mlango."

Alikiziba miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu, shemeji, alikuwa anangoja niulize.

Nililia mpaka Tore akaenda kuzima redio yake.

Kitako kilikuwa bado. Mti unapakwa mafuta ya kitani kwa kiganja kitupu, unasugua mpaka mkono upate joto, unauacha siku nzima, unarudia. Kaka yako alikuwa amepaka mara kumi na moja, ikabaki moja. Tore akanipa kichupa. Jana nimepaka mimi, hapa kwenye meza ninayokandia unga. Nilisugua mpaka kiganja kikawaka.

Sasa nakuomba. Siku ya matanga hapo kwenu, watakapouliza kama marehemu aliondoka na jambo moyoni juu ya mtu, simama. Sema ni mkewe, alimfungia mlango. Usinifiche, na usinipambe.

Gobole limelala kitandani, upande aliolalia kaka yako. Linanuka kama yeye Jumamosi.

Nisalimie Maombi, Aristide, na yule Anastase mvivu, mwambie aoe. Mungu awafunike nyote kama kuku afunikavyo vifaranga, na mguu wako aushike yeye mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nikikukaripia,

Mama Heshima